Vidole Vitatu Chini ya Mdomo wa Tangi

Baba mdogo aliiweka karatasi mezani ikiwa imekunjwa mara nne, akaifungua polepole, akanionyesha safu moja kwa kidole ambacho grisi ilikuwa imeingia hadi chini ya ukucha. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa sita. Baridi ya Lubumbashi ilikuwa bado haijaondoka kwenye kuta, na mama mdogo alikuwa amefunga kitenge juu ya sweta akichochea makaa.

"Mutoto yangu," alisema, "ile ingine yote minaijua. Hii tu. Inasema nini?"

Karatasi ilitoka kwenye ghala la mafuta la Ndola, ng'ambo ya mpaka, pale baba mdogo anapopakia lori lake mazutu, yaani dizeli. Majina ya safu yote yalikuwa kwa Kiingereza: tarehe, namba ya lori, aina ya mafuta. Na katikati kulikuwa na neno *ullage*, chini yake tarakimu tatu, moja kwa kila chumba cha tangi.

Nina shahada ya Kiingereza, na ndicho ninachofundisha. Nilikaa chuo kikuu miaka mitano, umeme ukikatika, mgomo ukianza na kuisha, na nilitoka pale nikiweza kueleza mashairi kuhusu majani ya nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Neno lile sikuwahi kuliona. Nilimwambia nitalitafuta, naye akanitazama kama mtu aliyenunua redio akaambiwa haina betri. Ni yeye aliyenisomesha baada ya baba kufa.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Jumanne asubuhi alifika kwenye ua wa patron wake, tajiri mwenye lori, akiwa na lori limejaa mazutu. Patron ni mfanyabiashara kutoka upande wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa jumla na usafiri, anayefunga duka kila Jumapili na kuanza kila kikao kwa sala. Hupanda ngazi ya tangi mwenyewe. Hafunguliwi kifuniko na mtu. Alishusha ufito wake wa kupimia chumba kwa chumba, akaulinganisha na tarakimu za Ndola, akakuta mafuta yako chini zaidi ya ilivyoandikwa. Alipima tofauti kwa vidole vyake akiwa bado juu: vidole vitatu, katika kila chumba. Akashuka, akaomba ufunguo. Jumamosi angeamua kama baba mdogo ataendelea kuendesha lori lile au la.

Miaka saba kwenye lori moja. Viti vile vimechukua umbo la mgongo wake.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema Jumatano ile. Kosa lilikuwa langu.

Madereva wa mazutu wana desturi yao ya msimu wa baridi. Wakitoka Mokambo, pale mpakani, kabla ya kuingia mjini, wanasimama Ruashi, kwenye nyumba mpya zisizopigwa lipu karibu na mgodi, kwa watu wanaouza mafuta kwa bidoni, yaani kwa madumu. Wananunua bidoni kadhaa, wanapanda juu, wanajaliza. Wananunua kwa posho yao wenyewe ya safari. Hakuna anayewaambia wafanye hivyo. Dereva mgeni huonyeshwa na wenzake mwaka wa kwanza, na baada ya hapo anajua tu kwamba mwezi wa sita na wa saba mafuta "yanashuka", na kwamba hakuna patron anayependa kuona yameshuka.

Baba mdogo alinieleza hayo mwezi wa tano, kwa namna ya mtu anayesimulia hali ya hewa. Mimi nikamrukia kwa maswali. Nilimuuliza kwa nini analipia kitu ambacho hakuna aliyekiiba. Nilimuuliza kama fundi wa nguo hununua kitambaa chake ili kumziba mteja mdomo. Alisema njo vile tunafanyaka, ndivyo tunavyofanya siku zote. Nikasema "tunafanyaka" si sababu. Nilizungumza vizuri siku ile, nakumbuka, hata mama mdogo aliacha kuchagua mchele akasikiliza. Nilimwambia: ukifika na karatasi yako, na karatasi ni ya kweli, acha karatasi iongee.

Basi safari ile hakusimama Ruashi. Alipita. Akaiacha karatasi iongee, na karatasi ikaongea Kiingereza ambacho hata mimi sikukielewa.

Siku ile nililitafuta neno kwenye simu, nikisimama nje pale mtandao unaposhika. Nilitarajia neno la wizi, au la hasara. Nilikuta mapipa ya mvinyo. Ni jina la nafasi tupu inayobaki juu ndani ya pipa, chupa au tangi: kiasi kinachokosekana ili chombo kijae. Wauza mvinyo hulitumia kusema chupa ya zamani imepungukiwa kiasi gani chini ya kizibo. Watu wa meli za mafuta hulitumia kila siku. Hawapimi mafuta yaliyomo, wanapima kutoka ukingoni kwenda chini hadi pale mafuta yanapoanza. Mabaharia wa zamani walilisukuma mbali zaidi, wakamwita hivyo mtu asiyefaa kitu. Hilo sikumwambia baba mdogo.

Na kuna jambo lililonikera zaidi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, kwenye jicho, maana tundu la pipa liliitwa jicho. Wafaransa bado wanalo, ila kwao ni ile kazi ya kumimina hadi jichoni, kuziba pengo. Waingereza wakalichukua, wakabaki na pengo. Nilikaa na hilo siku nzima kama mtu aliyepewa zawadi ambayo haina pa kuweka.

Lakini lililokuwa la maana ni hili: nafasi ile huachwa kwa makusudi. Mafuta yakipata joto yanavimba, na yasipopata pa kwenda yanatafuta njia. Yakipata baridi yananywea. Nikafikiria. Lori lilipakiwa Ndola alasiri, mafuta yametoka kwenye matangi yaliyopigwa na jua mchana kutwa. Likalala Mokambo siku tatu kwa sababu ya foleni ya forodha. Likapimwa Lubumbashi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati watu wanatoa moshi mdomoni. Vidole vitatu havikuibwa na mtu. Vilinywea.

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Halafu nikajiuliza swali ambalo mimi hujiuliza kwa kila kitu, na safari hii halikunihurumia: unajuaje?

Kwa hiyo mchana uleule nilimuuliza usoni. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti anakata kucha kwa wembe. Nilimuuliza kama ameuza hata bidoni moja Mokambo. Hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko kama angekasirika. Alisema angetaka kuiba, angeiba kisha ajalize Ruashi kwa mafuta mabaya, kama anavyoweza kufanya yeyote anayefika amejaa. Mwizi, alisema, hawezi kufika na pengo.

Mama mdogo aliongea kutoka jikoni. Yeye huuza unga wa mahindi sokoni, kwa lile kopo tunaloliita meka, na hakuna mtu anayemfundisha habari ya kujaa.

"Mimi minapima meka, minaweka kilima pa juu, tena minaongeza mbasela," alisema. "Nikikata pa juu sawasawa, muntu anageuka, anaenda kwa mwenzangu. Hata kama haki iko yangu. Wewe na Kiingereza yako, utaenda kuambia nani kama pa juu panapashwa kubakia wazi?"

Nilikuwa na hasira tu, na sikujua niielekeze wapi. Ni kweli. Mji huu wote unapima kwa kilima. Unga una kilima, maharage yana kilima, hata samaki wakavu wa Kilwa yetu, ile ya ziwani, hurundikwa mpaka wanateleza, na bado mteja anadai mbasela, ile nyongeza ya bure. Kitu kilichoishia chini ya ukingo tunakiita kimekatwa, na aliyekileta anaitwa mwizi.

Nikaamua kufanya jaribio. Niliomba nusu bidoni ya mazutu kwa jirani mwenye jenereta. Mara ya kwanza nilitumia chupa ya plastiki ya maji; niliijaza alasiri juani, nikaiziba, nikaiacha nje. Asubuhi plastiki ilikuwa imejikunja mbavu na mafuta yako palepale. Nilisimama uani na kandambili nikiitukana chupa. Mama mdogo alipita na ndoo akauliza kama leo pia ninafundisha.

Mara ya pili nilichukua chupa ya bia, ya kioo, yenye shingo ndefu. Alhamisi alasiri niliijaza mazutu iliyokaa juani hadi katikati ya shingo, nikafunga uzi mwekundu pale mafuta yalipofika, nikaziba, nikaiweka juu ya ukuta. Ijumaa asubuhi mafuta yalikuwa chini ya uzi. Niliweka vidole. Vilikuwa karibu vitatu. Nikamwita baba mdogo, akaja na taulo shingoni, akaitazama chupa muda mrefu.

"Njo ile," alisema. "Njo ile kabisa."

Nilimweleza, kwa sababu siwezi kuacha jambo likae vizuri, kwamba shingo ni nyembamba na inazidisha tofauti, kwamba katika tangi hesabu si ileile. Alisema nisiseme hayo kwa patron. Nikasema nitasema. Tukagombana kidogo.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Nilibeba chupa ndani ya kapu, iliyotoka ukutani ikiwa bado baridi, na karatasi ya Ndola. Patron alitupokea kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, kati ya magunia ya sukari. Alisali kwanza. Aliomba Mungu aweke ukweli katikati yetu, na nadhani alimaanisha. Halafu aliniuliza mimi ni nani katika shauri hili. Baba mdogo akasema mimi ni binti yake, nilisoma Kiingereza.

"Mademoiselle wa Kiingereza," patron alisema bila kutabasamu. "Haya. Karatasi inasema nini?"

Nilimweleza neno. Nilimweleza kwamba Ndola hawakuandika kiasi cha mafuta kwenye safu ile, waliandika nafasi tupu waliyoiacha, saa ile, katika joto lile. Alisikiliza vizuri. Akasema anaelewa nafasi. Anachouliza ni kwa nini nafasi ilikua njiani kama mtoto.

Nikaomba maji ya moto. Mke wake alileta kwenye sufuria, aliyokuwa amechemshia chai. Niliweka chupa mezani, nikamwonyesha uzi na mafuta yaliyo chini yake, nikamwomba apime mwenyewe. Akaweka vidole vyake. Kisha nikaitia chupa katika maji. Nje mtu alikuwa anapakua masanduku ya nyanya za kopo na kuhesabu kwa sauti. Mafuta yalianza kupanda shingoni, polepole sana, hata mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Yakapanda. Yakafika kwenye uzi, yakaupita kidogo.

Patron alivua miwani. Nilisema, kwa sababu nilikuwa nimeahidi nafsi yangu, kwamba shingo inazidisha. Baba mdogo alifumba macho.

"Haizuru," patron alisema. "Minaona. Mazutu inapungua na baridi." Aliitoa chupa majini, akaifuta kwa kitambaa chake cha mkononi, akaiinua kwenye mwanga. Nilidhani tumemaliza.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, akimtazama baba mdogo na si mimi:

"Bon. Sasa unieleze, mon frère. Niko na bashofere bengine bane. Mwezi wa sita benyewe banafika mujaa. Kila mwaka. Beko na jua yao?"

Sikuwa nimelifikiria. Mimi ninayeuliza kila kitu. Nilikuwa nimekwenda kwa mtu na ushahidi kwamba tangi la haki hufika na pengo, na sikuona kwamba ushahidi uleule unawageuza waliofika wamejaa. Wanaume wanne. Mmoja wao alibeba jeneza la baba yangu. Nilimtazama baba mdogo nikaona kwamba yeye alilijua swali hilo tangu Ijumaa asubuhi, tangu aliposema njo ile, na alikuja hivyohivyo.

Alingoja mpaka yule wa nje akamaliza kuhesabu.

"Patron, mimi pia nilikuwaka nafika mujaa," alisema. "Miaka saba. Nilikuwaka naongeza pa Ruashi."

"Ulikuwaka unaongeza na nini?"

"Na mazutu. Ya makuta yangu, ya posho."

"Na bengine?"

"Ya bengine mi sijue. Nasema yangu."

Patron aliirudisha chupa mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kusikia. Aliuliza kama ina maana kwamba mafuta ya barabarani, ya bidoni, yenye mchanga na labda maji, yameingia kwenye tangi lake miaka saba bila yeye kujua. Baba mdogo akasema yalikuwa masafi, aliyachuja kwa kitambaa. Patron akauliza kwa nini mwaka huu aliacha.

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanigusa goti chini ya meza. Alisema alichoka tu.

Nilingoja hukumu. Nilikuwa tayari kwa hasira, hata nilikuwa nimeandaa maneno. Lakini patron hakuwa na hasira. Alivaa miwani yake, akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa lori, akauweka kando ya chupa.

"Mwezi ujao ufike mujaa," alisema. "Kama benzako. Namna ya kujaza, minaomba usinielezeke tena."

Nilimkumbusha kwamba ameona kwa macho yake. Nilisema ameelewa, ametamka mwenyewe kwamba mafuta yanapungua. Sauti yangu ilipanda, na baba mdogo alishika goti langu kwa nguvu.

"Mimi nimeona, mademoiselle. Kliyenti yangu hajaona." Kisha akanieleza, bila kuharakisha, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kurudi nyumbani. Mafuta yale hayakai kwake. Siku ileile huenda kwa wakandarasi wa migodini, nao wana ufito wao, na mtu wao wa kupanda ngazi, na mtu huyo ana bosi. Wakikuta pengo wanarudisha lori, au wanatafuta muuzaji mwingine. Aliuliza kama nitazunguka naye mgodi kwa mgodi na sufuria ya maji ya moto. Nikasema ndiyo. Nilimaanisha. Alicheka kidogo, na mkewe mlangoni akacheka pia, na hawakuwa wabaya, ndiyo maana nilitamani kulia.

Baba mdogo alichukua ufunguo kwa mikono miwili. Aliacha chupa pale mezani. Mimi niliirudia.

Tulitembea mpaka kwenye kona ya kwetu. Nilimuuliza angefanyaje kama patron angewafukuza wale wengine. Alisema patron hawezi kufukuza watano. Nikamuuliza kama alikuwa na hakika. Alisema hapana.

Mwezi wa saba baba mdogo alinipigia simu asubuhi moja, saa moja kasoro, nikiwa najiandaa kwenda kufundisha. Alikuwa Ruashi. Yule anayemsaidia kushika faneli alikuwa mgonjwa, na upepo ulikuwa unamwaga mafuta. Nilipanda teksi nikifikiria yote nitakayomwambia. Nilimkuta juu ya lori, pumzi ikimtoka nyeupe, bidoni nne zikiwa zimepangwa chini kwenye vumbi jekundu, na muuzaji ameketi juu ya tofali akila mkate.

"Panda," alisema. "Shika faneli."

Nilipanda ngazi na sketi yangu ya kazini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchungulia ndani. Nilikuwa nimelisoma neno lile, nimeliandika, nimelitafutia ukoo wake hadi kwenye mapipa ya mvinyo, na sikuwahi kuiona nafasi yenyewe. Ilikuwa giza tu chini ya tundu, na harufu iliyopanda machoni, na mbali kidogo kung'aa kwa mafuta yaliyotulia. Aliingiza mkono, akapima kwa vidole. Hakuniambia vingapi.

Nilishika faneli. Alimimina kupitia kitambaa chake cheupe, bidoni kwa bidoni, chumba kwa chumba, bila kumwaga tone. Mafuta yalipanda. Nilimwambia kwamba si sawa, kwamba nafasi ile imeachwa kwa sababu, kwamba saa sita jua likilipiga tangi mafuta yatavimba na hayatakuwa na pa kwenda.

"Saa sita tutakuwa tumeisha shusha," alisema. "Inua kidogo."

Nikainua kidogo. Akamalizia bidoni ya mwisho, akafunga kifuniko, akakikanyaga mara mbili kwa kisigino, akashuka kuwasha lori. Mimi nilibaki kwenye vumbi na faneli mkononi, nikitafuta mahali pa kujifuta vidole kabla ya darasa la saa mbili.